Shuka la Kumi

Dodoso lilikuwa na maswali themanini na manne, na Mkurugenzi wa kampuni ya programu alilileta ndani ya jalada la plastiki linalong'aa, kama mtu aliyetumwa kupeleka posa. Aliweka nakala moja mbele ya kila mwanamke wa chumba cha ufuaji cha hospitali, wanawake tisa kwa jumla, na juu ya kila nakala akaweka kalamu mpya yenye jina la kampuni yake. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wahenga hawakuwahi kuliona dodoso lile.

"Mama zangu," alisema, "leo ninyi ndio wataalamu. Sisi tumekuja kusikiliza tu."

Kisha akazungumza saa moja na nusu.

Walikuwa kwenye ukumbi wa mikutano wa ghorofa ya juu, ambao wanawake hao walikuwa wakiufahamu kwa vitambaa vyake vya meza tu. Kipozahewa kilivuma hadi wakaficha mikono kwapani. Ilikuwa mikono iliyochunwa na dawa, yenye kucha zilizolainika kama maganda ya kitunguu. Mwanzoni mwa meza aliketi Katibu wa hospitali na chai yake. Hakusema neno. Hakuwa na haja ya kusema, maana yeye ndiye aliyekuwa akiweka sahihi kwenye likizo zao.

Baada ya hotuba vikaja vikaratasi vya kubandika ukutani, rangi nne.

"Manjano ni hatua za kazi," alieleza Mkurugenzi. "Kijani ni changamoto. Waridi ni matarajio. Bluu ni maboresho."

"Na cha kufutia jasho ni kipi?" alinong'ona mwanamke mmoja mwembamba aliyeitwa Redio kwa sababu alizimika pale tu umeme ulipokatika. Wenzake wakacheka kwa pua. Tangu siku ile Mkurugenzi hakuwa na jina jingine katika chumba cha ufuaji ila Bwana Vikaratasi.

Msimamizi wao, Mama Dobi, alikuwa mtu wa kutii. Alikuwa amefua mashuka ya hospitali ile miaka thelathini na mmoja, na ilibaki miezi minane astaafu. Akachukua kikaratasi cha manjano, akaandika polepole kwa herufi za shule ya msingi, akaenda kukibandika.

"Hapana, mama, hapana," alisema Mkurugenzi huku akitabasamu kama anavyotabasamiwa mtoto. "Hiyo ni changamoto. Changamoto ni kijani." Akakibandua, akakikunja, akampa cha kijani aandike upya. Hakukisoma. Kilikuwa kimeandikwa: wapo wanaotoka hapa bila kitu cha kujifunika.

Mama Dobi hakuandika upya. Alirudi kitini na kile cha kijani kitupu mkononi, akakikunja mara nne, pembe kwa pembe, kama alivyozoea kukunja kila kitu.

Baadaye yakafuata mahojiano, na aliyehoji ni mchambuzi wa kampuni, msichana aliyevaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi vizuri sana. Ilipigwa pasi alfajiri ile na Mama Dobi mwenyewe. Yule mchambuzi alikuwa bintiye.

"Jina lako tafadhali, mama? Na cheo?"

Mama Dobi akamtazama. Jana yake jioni binti alimwomba, akitazama sakafu: "Mama, wakijua nina mzazi pale, wataniondoa kwenye mradi. Bado niko kwenye majaribio, nina miezi miwili tu kazini." Naye akamjibu kwa utani: "Basi kesho sikujui, binti ya watu." Jambo likisemwa nyumbani huwa jepesi.

Akataja jina lake kamili na cheo chake. Binti akaandika. Walifika swali la thelathini na moja.

"Bunda moja la mashuka linalokwenda wodini lina mashuka mangapi?"

Mama Dobi alimtupia jicho Katibu, aliyeketi hatua mbili kutoka pale. Katibu alikuwa akikoroga chai. Kijiko kikasimama.

"Kumi," alisema.

"Je, kuna mashuka yanayotoka nje ya utaratibu?"

"Hakuna."

Kijiko kikaendelea. Wanawake wanane waliinamia karatasi zao kwa wakati mmoja, na kama binti angekuwa anawatazama wao badala ya kompyuta yake, angejua palepale. Mwisho wa siku Mama Dobi alipewa karatasi aweke sahihi: *Ninathibitisha kwamba maelezo haya ndiyo kazi yangu yote.* Akaweka. Wakapewa soda.

&nbsp;

"Majibu yote yamefanana," binti alimwambia Mkurugenzi ofisini kesho yake. "Wanawake tisa, na hakuna hata wawili waliotofautiana. Hata mapacha hawafanani hivyo."

"Hayo ndiyo yanayoitwa makubaliano."

"Nilikuwa nafikiri tushinde nao siku tatu. Tusiulize chochote. Tukae tuone kazi inavyokwenda."

"Mteja hatulipi kukaa."

"Au tuzungumze nao mmoja mmoja, Katibu asiwepo."

Mkurugenzi alivua miwani. Alikuwa na cheti cha mbinu za kukusanya mahitaji ya wateja, kimetundikwa nyuma yake ndani ya fremu pana kuliko dirisha. "Sikiliza, dada. Katibu ndiye mteja. Wale ni watumiaji. Mteja ndiye anayejua anachokitaka, mtumiaji anafundishwa kukitumia. Ukichanganya hayo mawili hutafika mbali katika kazi hii."

Binti akafunga kompyuta yake. Alikuwa na mkopo wa chuo, na baba yake, mpaka rangi aliyestaafishwa na kifua, alihitaji dawa kila mwezi. Adabu nyingi ya kazini huwa ni ya namna hiyo.

Jioni baba aliuliza, "Haya, mlionana huko kwa wakubwa?"

"Tulionana," alisema mama akipakua. "Akaniuliza jina langu."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Alipoona anacheka peke yake, akaacha.

&nbsp;

Mfumo uliwashwa miezi miwili baadaye, na Katibu akakata utepe mbele ya mashine ya kukaushia. Kila shuka lilishonewa alama ya mistari kwenye pindo. Kila bunda lilipitishwa chini ya jicho jekundu la mashine, na ukutani kikatundikwa kioo cha kuonyesha hesabu. "Kazi yenu inabaki ileile," Bwana Vikaratasi aliwahakikishia. "Mfumo utawasaidia tu."

Wakamwamini. Hilo ndilo kosa lao pekee. Kazi yao ikabaki ileile.

Na kazi yenyewe ilikuwa hivi: bunda la mwisho la kila zamu lilitoka na mashuka tisa. Shuka la kumi liliwekwa kwenye rafu nyuma ya boila. Hakuna aliyeamuru, ilianza kabla ya Mama Dobi kuajiriwa, naye aliikuta kama mtu anavyokuta mlango umewekwa upande fulani wa nyumba. Kitabu cha zamani kiliandikwa mabunda, si mashuka, kwa hiyo hakikusema uongo wala kweli. Sasa mashine ilipiga kelele: *Pungufu. Endelea?* Wanawake walibonyeza endelea, kwa sababu wodini kulikuwa na watu wamelala kwenye plastiki. Wakadhani hiyo ndiyo namna ya mashine ya kusalimia.

Zamu tatu kwa siku, siku ishirini na moja. Barua ilisema mashuka sitini na matatu. Ilisema pia *upotevu unaotia shaka*, na *namba ya msimamizi*, na kwamba Mama Dobi afike mbele ya kikao cha nidhamu Ijumaa saa nne, na kwamba akipatikana na hatia atafukuzwa kazi na kupoteza kiinua mgongo.

Walimletea barua hiyo langoni, walinzi wawili, mbele ya watu wa zamu ya mchana. Mmoja akamwambia afungue mkoba. Alikuwa akimsalimu shikamoo kila asubuhi kwa miaka sita. Alipopekua mkoba alikuta leso, mkebe mtupu wa chakula na dawa ya kifua ya mume wake, akaurudisha bila kumtazama usoni. Mlinzi wa pili, kijana, ndiye aliyemfungia zipu ya mkoba ilipokwama. Aliifunga taratibu sana, kama kwamba mkoba ule ulikuwa na yai.

"Sitini na matatu!" alisema baba nyumbani, barua mkononi. "Kabati letu lenyewe halifungi kwa nguo zetu wenyewe. Wanadhani umeyaficha wapi, kwenye masikio yangu?"

Mama alikuwa akichambua mboga. "Wacha waseme."

"Mama, yako wapi?" aliuliza binti.

"Unaniuliza kama nani? Kama mwanangu, au kama mtu wa mfumo?"

Mama akaendelea kuchambua.

&nbsp;

Kesho yake binti alimwambia Mkurugenzi kwamba anaumwa, akaenda chumba cha ufuaji. Mama yake alikuwa amesimamishwa kazi kungoja kikao, hivyo Redio ndiye aliyeshika zamu.

"Mtu wa mfumo huyo," Redio alitangaza. "Karibu. Leo ni rangi gani?"

"Sina karatasi, mama. Nimekuja kusaidia kukunja."

Wakamwacha akunje. Siku ya kwanza mabunda yote yalitoka na kumi, mashine ikakaa kimya, na kila mtu alizungumza kama anasoma taarifa ya habari. Binti alikunja vibaya. Redio alikuwa akichukua kila shuka lake, analikunjua, analikunja tena, bila neno, na kutokusema kwake kuliuma kuliko tusi.

Siku ya pili aliunguza vidole kwenye pasi kubwa ya mvuke. Redio alimshika mkono kabla hajapiga kelele, akamburuta hadi bombani, akamshikilia chini ya maji huku akimfokea. "Pumbavu! Pasi hii haijui shahada. Mama yako hajakufundisha?" Akachana tambara kwa meno, akamfunga. Kumbe walijua. Walijua tangu ile siku ya blauzi nyeupe, kwa sababu pindo la mikono lilipigwa pasi kutoka ndani, na hakuna mwingine mjini anayepiga pasi hivyo. Wote wanane walijua, na hakuna aliyemwaibisha.

Baada ya hapo wakamsahau, kama mtu anavyosahauliwa na watu waliomzoea.

Saa tisa mchana mwanamke alisimama kwenye dirisha la nyuma, lile la kupokelea nguo chafu. Ametoka kujifungua, amesimama kwa kuegemea ukuta, na mtoto amefungwa ndani ya sweta la kiume lenye tundu. Hakuomba. Alisema tu, "Nimeambiwa niulize hapa."

Redio alipeleka mkono nyuma ya boila bila kugeuza kichwa. "Mfunge vizuri, kuna upepo. Haya nenda, bibie, usikae kwenye sakafu baridi."

"Nitalirudishaje?"

"Ukipata nafasi."

Alipoondoka, binti aliuliza, "Mnaandika wapi?"

"Kuandika nini?"

"Kwamba amechukua."

Redio alimtazama kwa huruma ya kweli, kama mtu aonaye kiatu kizuri kimevaliwa mguu usio wake. "Ukitaka kuandika, itabidi umwulize jina. Ukimwuliza jina, hatachukua. Wengine huja na maiti ya mtoto, binti yangu. Wodi inataka kitanda, yeye hana hata kitambaa cha kumbebea. Utamwambia nini? Jaza fomu? Aibu ya mtu haiandikwi."

Kwa siku mbili za kukunja na vidole vitatu vilivyoungua, binti akawa amepata kile ambacho maswali themanini na manne, rangi nne na soda tisa havikupata.

&nbsp;

"Nimeona," alimwambia mama yake jioni ile.

"Umeona nini?"

"Nyuma ya boila."

"Basi hukuona." Mama aliweka kisu chini. "Hivi unadhani mimi nashindwa kusema? Nikisema, Ijumaa nitatoka mzima, na Jumamosi Katibu ataweka kufuli. Yale si mashuka yangu niyauze ili ninunue jina."

"Na nisiposema, unafukuzwa kama mwizi. Miaka thelathini na mmoja. Na dawa za baba?"

"Niachie dawa zangu," alisema baba kutoka kitini kwake. Alikuwa amefumba macho, wakadhani amesinzia. "Nilioa dobi. Sitaki kuzikwa na watu waseme mke wake alikuwa mwizi wa wagonjwa. Sema, mwanangu. Kufuli tutalikuta mbele ya safari."

"Mzee, wewe hujui—"

"Sijui mfumo. Wewe nakujua."

Mama alichukua kisu, akakiweka tena chini, hakuwa na kitu cha kukata.

&nbsp;

Ijumaa Mkurugenzi alifika na kompyuta mbili na tai mpya. Alitaka jambo moja lieleweke mapema: mfumo hauna kosa. "Umejengwa sawasawa na mahitaji yaliyothibitishwa," alisema, akasukuma mezani karatasi yenye sahihi ya Mama Dobi. "Mtumiaji mwenyewe alisema bunda lina kumi. Mtumiaji mwenyewe alisema hakuna kinachotoka nje ya utaratibu. Sisi hatuwezi kujenga juu ya kitu ambacho hatukuambiwa."

"Mama, sahihi hii ni yako?" aliuliza Katibu.

"Ni yangu."

"Ulisema kweli?"

"Nilisema mlichokuja kusikia."

"Naomba kuzungumza," alisema binti. Alikuwa ameketi upande wa kampuni. Akasimama, kiti kikalia. "Mimi ndiye niliyeuliza lile swali. Niliuliza kama kuna mashuka yanayotoka nje ya utaratibu, na wewe Bwana Katibu uliketi hatua mbili kutoka pale. Lile halikuwa swali. Ulikuwa mtego, tukaupamba kwa vikaratasi."

"Mchambuzi wetu anamaanisha—" Mkurugenzi alianza.

"Na huyu ni mama yangu."

Mkurugenzi akafunga mdomo, akaitazama karatasi ya sahihi kama imembadilikia mkononi. Binti akaeleza yote, bunda la mwisho, rafu, dirisha la nyuma. Mwandishi wa kikao aliandika, kisha akaacha kuandika, akabaki anasikiliza.

Katibu alimgeukia Mama Dobi. "Kwa hiyo unakiri umegawa mali ya hospitali. Kwa nani? Taja."

Mama Dobi alitaja. Hakutaja majina, maana hakuyajua. Alitaja mmoja mmoja, tangu mfumo uwashwe: msichana aliyezaa akafukuzwa na shemeji yake, mzee aliyeruhusiwa kutoka akiwa na gauni la wodi lililo wazi mgongoni, mama wa kitanda cha kumi na nne, ambaye mtoto wake alitoka hana pumzi. Alipofika wa ishirini na sita, Katibu akasema inatosha.

Hapo ndipo matroni, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kugombana hata akisalimia, aliyeitwa kama shahidi wa hospitali, alipogonga meza. "Bunda la mwisho la kila zamu huja wodini kwangu. Kwa miaka kumi na tisa nimepokea tisa na kuweka sahihi ya bunda zima. Najua kuhesabu. Wauguzi wangu wote wanajua kuhesabu. Mkimfukuza huyu, mniandikie na mimi barua, na wengine kumi na wanne. Halafu wewe Katibu uje ugeuze wagonjwa."

Katibu alikohoa. Wezi kumi na sita ni wengi mno. Mmoja ni mwizi. Kumi na sita ni habari ya magazeti. Wajumbe wa kikao wakatoka nje kushauriana, wakarudi wakiwa na neno ambalo wakubwa hulipata wakikosa aibu. Neno hilo ni utaratibu.

Ikaamuliwa: Mama Dobi hana hatia ya wizi. Jina lake lisafishwe kwa barua. Mashuka ya nyuma ya boila yahesabiwe, yafungiwe kabatini, na yaitwe *Mashuka ya Huruma*. Kampuni itengeneze fomu kwenye mfumo. Mhitaji ataandika jina, namba ya kitambulisho na sababu ya uhitaji, kisha fomu itawekwa sahihi na matroni, daktari wa zamu na Katibu.

Mkurugenzi alimpigia binti makofi mbele ya wote. Mlangoni akamwambia kwamba kwa kuficha undugu muda wake wa majaribio umeongezwa miezi sita, na kwamba ile mbinu ya kushinda na mteja ni nzuri, ataiweka kwenye kijitabu cha kampuni. Aliiweka. Ilikuwa na picha yake amevaa aproni.

&nbsp;

Jumatatu Mama Dobi alirudi kazini na barua yake ndani ya bahasha. Redio alipiga vigelegele. Jumatano saa tano, mwanamume wa makamo alisimama kwenye dirisha la nyuma, amebeba kitu kidogo kifuani, na shati lake halikuwa na vifungo vya kutosha kukifunika.

"Nimeambiwa niulize hapa," alisema.

Mkono wa Mama Dobi ulikwenda wenyewe nyuma ya boila, ukagusa rafu tupu. Akakumbuka. Akachukua fomu.

"Ngoja hapohapo, baba. Usiondoke. Nakwenda mwenyewe."

Alikwenda mbio, kwa miguu iliyosimama kwenye maji miaka thelathini na mmoja. Matroni aliweka sahihi kabla hajamaliza kueleza. Daktari wa zamu alikuwa kwenye upasuaji. Mama Dobi alingoja mlangoni dakika arobaini. Akapanda ghorofa ya juu. Mlango wa Katibu ulikuwa na tangazo: yuko warsha ya siku mbili, mada ni Huduma Bora kwa Mteja.

Aliporudi, dirishani hapakuwa na mtu.

"Nimemwambia asubiri," alisema Redio. Kwa mara ya kwanza alizungumza chini. "Amesema anashukuru. Amesema hana shida. Amemtia ndani ya shati, akashikilia kwa mkono."

Jioni hiyo Mama Dobi alikaa na watu wa nyumba yake, akatoa ile barua ya kusafishwa jina, akaisoma tena.

"Mimi ndiye niliyesema," alisema binti. "Ni kosa langu."

"Si kosa lako. Ulisema kweli mahali ambapo kweli hujaziwa fomu." Akaikunja barua pembe kwa pembe. "Jina langu safi kabisa sasa. Limefungiwa kabatini pamoja na mashuka."

&nbsp;

Asubuhi baba alitoka kuoga, akakuta godoro tupu. Mke wake alikuwa akikunja shuka lao la mistari ya bluu.

"Tumeibiwa?"

"Ndiyo. Nyanyua mguu, umekanyaga foronya."

Alitazama shuka, akamtazama mkewe, akaelewa taratibu kama anavyoelewa mtu aliyeishi na mtu miaka mingi. Akaenda stoo, akarudi na lile turubai lake la kazini lililojaa matone ya rangi. "Na hili?"

"Hapana, mume wangu. Mtu habebwi kama ukuta."

Binti akatokea chumbani kwake. Alikuwa amebeba lake, la maua ya manjano, alilolinunua kwa mshahara wake wa kwanza. Alikuwa amelikunja vizuri; vidole vilikuwa vimepona.

Ijumaa rafu ya nyuma ya boila ilikuwa imejaa tena. Kulikuwa na mashuka ya mistari, ya maua, moja lenye picha za magari ya watoto zilizofifia, moja lenye kiraka kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Redio alileta mawili, akasema mume wake analala kama gogo, hajui tofauti. Wanawake tisa walilalia magodoro matupu wiki ile, na hakuna shuka hata moja lililokuwa na alama ya mistari kwenye pindo.

Mkurugenzi alikuwa amemtuma binti akakusanye ushuhuda wa mafanikio kwa watumiaji. Binti alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na boila, anakunja, wakati msichana mdogo mno kuwa mama aliposimama dirishani na kusema aliyoambiwa aseme. Mama Dobi hakumwuliza kitu. Alinyoosha mkono, akashika la juu. Lilikuwa la maua ya manjano. Binti alilitazama likivuka uani, limezunguka mzigo mdogo ambao haukulia, msichana akizivuta pembe zake ili vumbi lisiliguse.

Nyuma yao bunda la mwisho la zamu lilipita chini ya jicho jekundu, mashuka kumi kamili, na kioo cha ukutani kikawaka kijani: *Hakuna kilichopotea.*